Haki ya Kuchagua Shule na Wajibu kwa Shule Inayobaki

Mada iliyotolewa na Tume ya Haki na Amani kwa wajumbe wa Halmashauri ya Walei, makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo





Tunawashukuru kwa kuitikia wito. Wengine mmetoka vigango vya mbali na kuacha kazi za shamba, na hilo peke yake linaonyesha kwamba jambo lililotukutanisha si dogo. Mbele ya parokia yetu kuna pendekezo la kujenga shule ya msingi ya kulipia, itakayofundisha kwa Kiingereza. Pendekezo linasema kila familia ya Kikristo ichangie kwa kukatwa kiasi fulani katika mauzo ya korosho, msimu hata msimu, mpaka majengo yakamilike. Kabla ya Halmashauri kukata shauri, mliiomba Tume itoe mada kuhusu upande wa haki wa jambo hili.

Hatukuja kuwaamulia. Tumekuja kufuata nanyi njia ambayo Kanisa limeizoea: kuona, kupima na kutenda. Tena tunaanza kwa kukiri jambo moja, ili asiwepo wa kutunong'ona baadaye. Baadhi yetu tulio katika Tume hii tumewatoa watoto wetu katika shule za vijiji na kuwapeleka shule za kulipia. Hatusemi basi kama watu walio nje ya mashaka haya. Aisifuye mvua imemnyea.

I. TUONE HALI YETU

Mtoto wa mkulima, awe wa vijiji vya Newala juu ya uwanda wa Makonde au wa vijiji vya Masasi huku bondeni, kwa kawaida ana shule moja. Anaandikishwa pale palipo karibu na kwao. Akimaliza elimu ya msingi na kufaulu, hupangiwa sekondari: wachache hupangiwa shule za bweni, walio wengi shule ya kata. Mzazi anaweza kuomba uhamisho, lakini uhamisho unahitaji nafasi huko aendako mtoto, nauli, na ndugu wa kumpokea. Kwa hiyo mzazi anayetegemea shule ya umma ana uchaguzi mdogo sana. Mwenye kuchagua ni yule mwenye fedha.

Na tufanye hesabu, maana haki isiyopigiwa hesabu hubaki maneno matupu. Tuseme shule ya kulipia inatoza shilingi 1,320,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Huo ni mfano wetu tu. Zipo zinazotoza zaidi na zipo zinazotoza pungufu. Katika msimu wa mwaka 2018, Serikali ilipoingilia kati na kununua korosho yenyewe, ilitangaza bei ya shilingi 3,300 kwa kilo. Kwa bei hiyo, ada ya mtoto mmoja ni kilo 400, yaani magunia matano ya kilo 80. Watoto wawili ni magunia kumi, kabla ya makato ya chama cha msingi, kabla ya vibarua wa palizi, kabla ya chumvi na sabuni ya nyumbani. Kila mmoja wetu hapa anajua amevuna magunia mangapi. Tunakumbuka pia kwamba msimu ule wengi walipeleka korosho ghalani wakakaa miezi mingi wakisubiri malipo, lakini shule ya kulipia haikusubiri.

Liko jambo jingine ambalo watu wa mijini hawalioni upesi. Mwaka wa shule huanza Januari, na muhula wa pili huanza Julai. Mwezi Julai mkulima wa Newala au Masasi hana kitu mfukoni. Ndiyo miezi ya kupulizia mikorosho, na mnada wa kwanza bado uko mbali. Mzazi anayedaiwa ada mwezi huo ana njia moja iliyo karibu, nayo ni kangomba. Anaiuza korosho ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, kwa mtu ambaye ataivuna faida yote mnada ukifika. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza mkoani Mtwara katika msimu wa 2007 kwa nia ya kumwondoa mkulima mikononi mwa walanguzi. Kalenda ya ada inamrudisha kwao kwa mlango wa nyuma. Familia inaweza hivyo kumsomesha mtoto mmoja vizuri na kuwafukarisha watoto wanne waliobaki nyumbani.

Sasa tuiangalie shule inayobaki. Serikali ilipoanza mpango wa elimu bila ada mwaka 2016, kiwango cha ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, shilingi 6,000 zilipelekwa shuleni na 4,000 zikatengwa kwa ajili ya vitabu. Chukueni shule yenye watoto 400. Kwa kiwango hicho inapata shilingi 2,400,000 kwa mwaka mzima kwa ajili ya chaki, karatasi za mitihani, matengenezo na mengineyo. Ni pungufu ya ada ya watoto wawili katika mfano wetu. Ni haki kusema kwamba mishahara ya walimu wa Serikali inalipwa mbali na ruzuku hiyo, na kwamba ada ya shule ya kulipia hugharimia walimu na pengine chakula. Hata hivyo tofauti ni kubwa, na mtoto haambiwi na mtu, anaiona mwenyewe.

Lakini fedha si jambo pekee linaloondoka. Fikirini ni watoto wa nani wanaotangulia kuhamishwa. Ni wa mfanyabiashara, wa kiongozi wa chama cha msingi, wa mtumishi wa Serikali, wa mwalimu mwenyewe, na mara nyingi wa mwenyekiti wa kigango. Hao ndio wanaojua kusoma taarifa ya mapato na matumizi. Hao ndio wanaoweza kumwendea Afisa Elimu bila kutetemeka. Mtoto wa mtu wa namna hiyo akiondoka, mzazi naye huondoka katika kamati ya shule, kama si kwa mwili basi kwa moyo. Katika vijiji tulivyotembelea tumekuta mikutano ya wazazi ambayo karibu wote waliohudhuria ni akina mama na mabibi wanaolea wajukuu. Mama mmoja alitueleza kwamba alijua kuwa watoto hawapati chakula cha mchana na kwamba darasa la mwanawe halikuwa na mwalimu wa hesabu tangu Pasaka. Hakusema neno mkutanoni, kwa sababu aliona wenye kuongea wote wameshahama. Tunaliweka jambo hili mbele yenu kama kiini cha mada yetu: shule ya kijiji hudhoofika kwa kukosa fedha, lakini hudhoofika zaidi kwa kukosa watetezi.

II. TULIKOTOKA

Si mara ya kwanza kwa watu wa Kusini kuulizana shule iwe ya nani na kwa ajili ya nani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, na elimu ikaanza pamoja na makao yao. Upande wetu Wabenediktini walifika Lukuledi mwaka 1895, na mwaka 1906 wakaanza Ndanda. Kwa miaka mingi baada ya hapo elimu ya eneo hili ilikuwa mikononi mwa misheni. Tunajivunia kazi hiyo, na ni halali kujivunia. Benjamin Mkapa, Rais wa tatu wa nchi yetu, alikuwa mtoto wa Lupaso aliyepitia shule za misheni.

Lakini haki inatutaka tukumbuke pia upande wa pili. Katika siku zile, kuchagua shule kulikuwa kuchagua dini. Jirani zetu Waislamu, ambao ni wengi sana katika uwanda huu, waliogopa kwamba mtoto atakwenda na jina moja na kurudi na jingine. Wengi wakawaacha watoto wao nyumbani. Pengo la elimu lililotokea hapo halikuwa kwa sababu ya uvivu wao wala uhaba wa akili. Lilitokea kwa sababu mlango uliokuwepo ulikuwa mmoja, na mlango huo ulikuwa wa kwetu.

Uhuru ulipopatikana, Serikali iliona kwamba taifa moja haliwezi kujengwa kwa shule zinazobagua. Ada za sekondari zilifutwa mwaka 1964. Baada ya Azimio la Arusha na siasa ya Elimu ya Kujitegemea, zote za mwaka 1967, ilikuja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na kuanzia mwaka 1970 shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku zikawa za umma. Ndanda na Chidya ni shule za Serikali hadi leo. Wako waliohuzunika, na huzuni yao ilieleweka. Ila mtoto wa Kiislamu wa Newala aliweza sasa kuingia darasa lile lile na mtoto wa katekista bila kuulizwa jina la ubatizo. Hilo lilikuwa tendo la haki, na hatuna budi kulitaja hivyo.

Tunaweza kujifunza pia kwa Askofu Trevor Huddleston, aliyekuwa Askofu wa Kianglikana wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi Afrika Kusini. Serikali ya makaburu ilipotunga sheria ya mwaka 1953 ya kumpa Mwafrika elimu ya kumfanya mtumwa, jumuiya yake ya kitawa iliona ni heri kuifunga shule yao ya St Peter's, Rosettenville, kuliko kuikabidhi kwa mpango huo. Basi kuikabidhi shule kwa Serikali kunaweza kuwa dhambi mahali pamoja na kuwa haki mahali pengine. Swali halikuwa jina la mwenye shule. Swali lilikuwa, na lingali, shule inamtumikia nani.

Yaliyofuata wengi wenu mnayakumbuka. Azimio la Musoma la 1974 lilileta elimu ya msingi kwa wote kufikia 1977. Madarasa yakajaa, walimu wakaandaliwa haraka haraka. Miaka ya themanini uchumi ulianguka, na mwaka 1985 ada za sekondari zikarudi chini ya jina la kuchangia gharama. Mwaka 1992 Makanisa na Serikali walitia saini Hati ya Maelewano kuhusu huduma za jamii. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ikafungua mlango kwa watu binafsi na mashirika kuendesha shule katika ngazi zote, za msingi zikiwemo. Kisha ada ya shule za msingi za umma ikafutwa mwaka 2001, ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Watoto waliingia kwa wingi. Lakini matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri matokeo yalipotangazwa mara ya kwanza, yalitufundisha sote kwamba kuwa na dawati si sawa na kuwa na elimu. Tangu hapo hofu iliingia majumbani, na hofu hiyo ndiyo inayojaza shule za kulipia.

III. WENZETU WALIVYOLIJADILI

Mjadala huu haukuzaliwa kwetu. Huko Marekani, jimbo la Minnesota lilitunga mwaka 1991 sheria ya kuruhusu shule ambazo tunaweza kuziita shule za mkataba, na ya kwanza ikafunguliwa mjini St. Paul mwaka 1992. Shule ya namna hiyo hulipiwa kwa fedha za umma na haitozi ada, lakini huendeshwa na kikundi kilichopewa mkataba. Isipofanya vizuri hunyang'anywa mkataba. Mzazi huichagua kwa hiari. Katika mji wa Milwaukee waliongeza njia nyingine mwaka 1990: familia maskini zilipewa vocha ya kulipia shule ya binafsi, na tangu 1998 hata shule za dini ziliruhusiwa kupokea vocha hizo. Sweden nayo, kwa mageuzi ya 1992, iliamua fedha za umma zimfuate mtoto hata katika shule ya binafsi, na baadaye ikazikataza shule hizo kutoza ada juu yake.

Wanaounga mkono wanasema: kwa nini tajiri achague na maskini apangiwe? Wanasema pia kwamba shule isiyo na hofu ya kukimbiwa hulala. Wanaopinga wanasema kwamba wanaojua kuchagua ni wale wenye elimu na nafasi, hivyo shule ya zamani hubakiwa na watoto wenye shida nyingi na fedha chache. Albert Shanker, kiongozi wa chama cha walimu cha Marekani, aliunga mkono wazo hilo mwaka 1988 akitumaini kwamba walimu watapata nafasi ya kujaribu njia mpya kwa faida ya shule zote. Baadaye aliligeukia na kulikosoa, alipoona linaelekea kwenye ushindani wa biashara. Na hapa jirani, Kenya ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2003, watoto walifurika katika shule za umma, na wazazi wengi wenye uwezo wakawahamisha wao.

Kwetu kuna tofauti moja kubwa. Shule ya kulipia ya Tanzania haipati fedha za umma kwa kila mtoto anayeichagua. Mzazi analipa kodi kwa ajili ya shule ya umma, kisha analipa ada. Katika afya tunaujua mkataba wa namna nyingine: hospitali teule, ambapo hospitali ya Kanisa hufanya kazi ya hospitali ya wilaya kwa makubaliano na Serikali, na mgonjwa hahitaji kuwa Mkristo wala tajiri ili apokelewe. Katika elimu hatujalizoea jambo kama hilo. Ni halali kuuliza kwa nini.

IV. TUPIME KWA MWANGA WA IMANI

Mafundisho ya Kanisa yako wazi katika mambo matatu.

La kwanza: wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Malezi ya Kikristo, la mwaka 1965, linafundisha kwamba wazazi wawe huru kweli katika kuchagua shule. Tamko la Haki za Binadamu la 1948 linasema hivyo pia katika ibara ya 26. Kwa hiyo asitokee mtu katika parokia hii kumlaumu mzazi aliyejinyima ili mwanawe asome. Hajatenda dhambi. Ametimiza wajibu wa ubaba na umama.

La pili: haki hiyo si ya wenye fedha peke yao. Tamko lile lile la Mtaguso linataka fedha za umma zigawanywe kwa haki ili wazazi wote wawe huru kweli, na linazitaka shule za Kikatoliki ziwaangalie kwa namna ya pekee walio maskini. Ibara ya 11 ya Katiba yetu inaitaka Serikali ifanye jitihada ili watu wote wapate fursa sawa za elimu. Uhuru ambao watu watano katika mia wanaweza kuutumia ni upendeleo, hata ukiitwa haki.

La tatu, ambalo husahaulika: kila haki ina wajibu ulioshikamana nayo. Tajiri wa Injili ya Luka, sura ya 16, hatuambiwi kwamba alimwibia Lazaro. Kosa lake ni kwamba Lazaro alilala mlangoni pake, naye akapita. Shule ya kijiji iko mlangoni petu. Tunaipita tukienda Misa. Mzazi aliyemhamisha mwanawe ana haki ya kufanya hivyo, lakini hajapata ruhusa ya kuipita shule ile kana kwamba watoto waliobaki si wake. Ni wake kwa ubatizo, na wale ambao hawakubatizwa ni wake kwa ujirani.

Sasa tulipime pendekezo letu kwa mizani hiyo. Mjane wa kigangoni atakatwa korosho zake kama wengine. Majengo yatakapokamilika, je, mjukuu wake ataingia? Ikiwa ada ni ile ya mfano wetu, hataingia. Atakuwa amejenga shule ya mtoto wa mwingine, tena aliye tajiri kuliko yeye, na tutakuwa tumemkata kwa jina la Mungu. Tume haiwezi kuliita jambo hilo haki, hata nia za walioleta pendekezo ziwe njema kiasi gani, nasi tunajua ni njema.

Kuhusu Kiingereza tuseme ukweli. Wazazi wengi wanapolipa ada wananunua lugha. Wanaona mtoto wa kijijini, anayezungumza Kimakonde, Kimakua au Kiyao nyumbani na kufundishwa kwa Kiswahili darasani, anavyofika kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Hofu yao ina msingi. Lakini daraja hilo linamvunja mtoto wa kila shule ya umma katika eneo letu. Tukiwavusha watoto hamsini kwa mtumbwi wetu na kuliacha daraja limevunjika, tumesaidia, ila hatujatibu.

V. TUTENDE

Tume haisemi shule isijengwe. Inasema isijengwe kwa namna hii. Tunayaweka mbele yenu mambo matano.

Kwanza, mchango wa korosho uwe wa hiari kabisa. Asiwepo Mkristo anayenyimwa sakramenti, mazishi au barua ya utambulisho kwa sababu hakutoa. Makato ya lazima yaondolewe katika pendekezo.

Pili, ikiwa fedha za waamini wote zitatumika, basi sehemu ya nafasi itengwe tangu mwanzo kwa watoto wa familia zisizoweza kulipa, bila kujali dini, na idadi yake iandikwe katika katiba ya shule. Ahadi ya mdomo husahaulika siku ya kwanza ya upungufu wa fedha.

Tatu, kalenda ya ada ifuate msimu wa korosho. Sehemu kubwa ilipwe baada ya minada, Novemba na Desemba, ili mwezi Julai asiwepo mzazi wa kusukumwa kwenye kangomba na shule yenye msalaba juu ya paa.

Nne, Baba Paroko na Halmashauri wamwombe Baba Askofu alifikishe kwa wahusika swali la mkataba: je, yako makubaliano yanayowezekana ambayo kwayo shule ya Kanisa itapewa walimu au ruzuku na Serikali, nayo isitoze ada? Jibu linaweza kuwa hapana. Lakini asiyeuliza hujinyima mwenyewe.

Tano, na hili halihitaji kibali cha mtu wala kusubiri matofali: kila kigango kichague watu wawili wa kuhudhuria mikutano ya shule ya kijiji na, nafasi ikipatikana, kugombea kamati ya shule. Tunapendekeza wachaguliwe hasa wale ambao watoto wao wamehama. Kazi yao iwe kuomba taarifa ya ruzuku ibandikwe ukutani mahali pa wazi, kufuatilia chakula cha mchana, na kufuatilia utoro unaozidi wakati wa kuokota korosho. Wakae pia na wazee wa jando na unyago, wawe Wakristo au Waislamu, ili sherehe zisizidi siku za likizo na msichana aliyetoka unyagoni arudi darasani. Vilevile majengo ya vigango, ambayo siku sita za juma hufungwa kwa kufuli, yafunguliwe jioni na Jumamosi ili watoto wote wapate mahali pa kusomea, na walimu wastaafu walio kati yetu wawasaidie Kiingereza na hesabu. Hatuoni sababu ya mtoto wa Kiislamu kukataliwa humo, na mzazi wake ahakikishiwe kwamba hatabatizwa kwa siri.

Sisi wa Tume tumekwisha kukubaliana kuanza. Kila mjumbe mwenye mtoto katika shule ya kulipia amepewa shule moja ya kijiji ya kuhudhuria mikutano yake mwaka huu, na ataleta taarifa hapa hapa. Tukishindwa, mtuulize.

Ndugu wapendwa, wale waliofika Masasi mwaka 1876 walikuwa watu waliokwisha kuuzwa. Watoto wao walipewa elimu kwa sababu mtu fulani aliamini kwamba mtoto asiye na bei anastahili mwalimu. Kanisa letu katika eneo hili lina deni la urithi huo. Tukijenga shule nzuri ambayo watoto wao wasingeingia, tutakuwa tumejenga juu ya msingi wa wengine nyumba isiyo yao.

Mungu awabariki, na Mama Maria, kiti cha hekima, atuombee.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu, watoto wangapi wanasoma shule ya kijiji na wangapi wamehama? Nani kati yetu alihudhuria mkutano wa mwisho wa wazazi?

2. Je, ruzuku ya shule yetu hutangazwa mahali pa wazi? Ikiwa hapana, nani atakwenda kuuliza, na lini?

3. Mjane au bibi anayelea wajukuu katika jumuiya yetu angesema nini kuhusu pendekezo la shule ya parokia? Tumekwisha kumwuliza?

4. Jirani zetu Waislamu wanaionaje shule ya Kanisa? Tunaweza kushirikiana nao katika jambo gani kwa ajili ya shule ya kijiji?

5. Someni pamoja Luka 16:19–31. Katika kijiji chetu, nani amelala mlangoni?